Suruali Zilizopanda Namba

Aliyenifungua macho kuhusu kisukari cha askari hakuwa daktari. Alikuwa mtunza stoo wa kikosi, sajenti mtu mzima aliyekuwa akigawa kombati, buti na mikanda tangu kabla mimi sijavaa sare. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri shuka za zahanati, akaniambia kwamba yeye hana haja ya kusoma orodha ya waliopandishwa vyeo ikibandikwa ubaoni, kwa sababu anaiona kwenye suruali. "Kuruta anakuja anavaa namba thelathini, Sista. Akipata tepe mbili anataka thelathini na mbili. Akihamishiwa ofisini anarudi kuniomba thelathini na sita, na anaomba kwa sauti ya chini wenzake wasisikie."

Miaka mingi baadaye, nikiwa kozini, nilikutana na habari za Jerry Morris, daktari Mwingereza aliyewahi kutumika katika jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1953 yeye na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokaa kitini kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi lile lile. Mwaka 1956 wakarudi na uchunguzi mwingine, na safari hii walichukua vipimo vya viuno vya suruali za sare walizogawiwa wafanyakazi wale. Madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta. Niliposoma hayo nilimkumbuka sajenti wangu wa stoo. Alichokuwa akikiona kwa macho ya kazi yake kilikuwa kimeshaingia katika majarida ya tiba, na bado kikosini kwetu hakuna aliyekuwa akimuuliza chochote kuhusu daftari lake.

Nimefanya uuguzi jeshini, hapa Tanzania, sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi, na zaidi katika zahanati za vikosi, mahali ambapo muuguzi anamjua askari, mke wake, watoto wake na deni lake la kantini. Nina jambo moja la kusema, na nimelibeba muda mrefu. Jeshi humpima askari ili kumchuja. Akishapita mchujo, halimpimi tena ili kumtunza.

Anapoandikishwa anapimwa urefu, uzito, kifua, macho, meno na mkojo. Depo inamkimbiza mchakamchaka kabla ya jua kuchomoza, kwata inamsimamisha juani, matembezi ya masafa marefu na mzigo mgongoni yanamkausha mafuta yote aliyotoka nayo nyumbani. Anapomaliza mafunzo ni kijana ambaye ukimshika bega unashika msuli. Tangu siku hiyo kila mtu, na yeye mwenyewe wa kwanza, anaamini kwamba afya ile ameshapewa moja kwa moja, kama alivyopewa namba ya jeshi. Bunduki husafishwa na kukaguliwa hata isipofyatuliwa mwaka mzima. Mwili wa anayeibeba unadhaniwa utajitunza wenyewe.

Haujitunzi. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini iuamrishe, na ndiyo maana kijana wa depo anaweza kumaliza mlima wa ugali na maharage, akaongeza chai yenye sukari tele, na damu yake ikabaki safi. Anapopewa kazi ya karani, dereva, mtunza ghala au msimamizi wa ofisi, msuli ule unatulia, lakini sahani inabaki ya mtu anayechimba handaki. Ziada inageuka mafuta. Hayo mafuta hayakai chini ya ngozi peke yake, yanaingia tumboni kuzunguka viungo na ndani ya ini, na hapo insulini inaanza kutosikilizwa. Kongosho linaongeza bidii, linatoa insulini zaidi na zaidi, na kwa miaka kadhaa linafanikiwa. Katika miaka hiyo askari hana dalili hata moja. Anasinzia baada ya chakula cha mchana, basi, na nani asiyesinzia kwenye joto la saa nane?

Madaktari wana vipimo vitano vya kuiona hali hii mapema, vilivyooanishwa mwaka 2009 na mashirika makubwa ya moyo na kisukari duniani. Cha kwanza ni kiuno, na kwa sisi Waafrika kinachotumika ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Kisha presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia 5.6, mafuta ya trigliseridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke. Mwenye vitatu kati ya hivyo yumo njiani kuelekea kisukari na magonjwa ya moyo, hata kama asubuhi ile amepiga saluti vizuri kuliko wote gwarideni. Vipimo viwili vya damu vinahitaji maabara. Vingine vitatu vinataka tepu ya fundi cherehani, mashine ya presha na tone la damu la kidoleni. Zahanati ya kikosi chochote inaviweza.

Nitamweleza mzee mmoja, bila jina lake. Nilipomjua alikuwa afisa mteule, amebakiza muda mfupi kustaafu. Mwaka 1979, katika vita vya Tanzania na Uganda, alitembea kwa miguu kutoka Mutukula hadi Kampala, na Kampala ilipoanguka mwezi wa Aprili akaendelea na kikosi chake kuelekea kaskazini, hadi vita vikaishia kwenye mpaka wa Sudan mwezi wa Juni. Alikuwa na picha ya siku hizo, kombati imemlegea, mashavu yamebonyea, macho makali. Aliyekuja zahanati kwangu alikuwa mtu mwingine kwa umbo. Alikuja kwa sababu buti mpya zilimchubua kidole gumba cha mguu wa kulia na kidonda kilikuwa kinanuka. Nilipokisafisha nilitazama uso wake, maana kidonda cha namna ile humfanya mtu mzima akunje ngumi. Aliendelea kunisimulia habari za timu ya mpira ya kikosi. Hakusikia chochote.

Nikampima sukari, ikasoma 19. Nikamuuliza kama anasikia kiu. "Sana, mwanangu, hasa usiku. Ndiyo maana mama kule nyumbani ananiwekea soda kitandani." Nimeisikia kauli kama hiyo mara nyingi mno tangu hapo, na kila mara inanichoma. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huitoa kwa mkojo na maji hutoka nayo, mwili unakauka, mtu anasikia kiu, na kinywaji kinachoheshimika katika nyumba ya mtu mwenye cheo ni soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Mkewe alikuwa akimhudumia kwa mapenzi, na kila chupa ilikuwa inamzidishia kiu.

Nilipomwambia kwamba huenda akapoteza kidole, alinyoosha mguu mbele yangu akasema, "Mguu huu umeitembea Uganda, Sista." Vilikatwa vidole viwili kwanza, kisha mguu chini ya goti. Nilipitia jalada lake kutafuta ni lini sukari yake ilipimwa kwa mara ya mwisho. Macho alipimwa alipokwenda kozi. Masikio alipimwa. Kifua kilipigwa picha. Sukari haikupimwa hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka na mtu aliyetembea mpaka Sudan.

Kuna haki fulani katika kutokuwa na shaka huko. Alipokuwa kijana, kisukari kilikuwa kitu adimu kwetu. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, wakakuta mwenye kisukari hafiki hata mmoja katika kila watu wazima mia. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1, na presha ya juu kwa zaidi ya robo yao. Njia za kupima hazikuwa zile zile, na kijiji si mji, lakini hakuna anayefanya kazi wodini atakayekwambia kwamba ongezeko hilo ni la karatasi. Askari wametoka katika taifa hilo hilo. Kambi ina uzio, ila chipsi, bia na kiti cha ofisini vilishaingia.

Halafu jeshini kuna mambo mawili ambayo raia hana.

La kwanza ni lindo. Mwaka 1999 Eve Van Cauter na wenzake wa Chicago walichukua vijana wanaume 11 wenye afya, wakawaacha walale saa nne tu kwa usiku sita mfululizo. Miili yao ikaanza kushughulikia sukari vibaya, kwa namna inayofanana na watu walio njiani kupata kisukari. Siku sita tu, tena vijana wazima. Mimi nimewaona askari wanaoishi hivyo miaka, zamu ya usiku, kisha kazi ya mchana kwa sababu wenzao wako likizo, kisha zamu tena. Na anayelinda usiku hula usiku. Chapati na chai nzito saa nane za usiku humfanya asisinzie, na mkuu wa zamu anajua hivyo, ndiyo maana birika halikauki.

La pili ni hofu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Askari wengi wa vyeo vya chini hawana njia nyingine ya kujenga nyumba isipokuwa misheni za Umoja wa Mataifa. Wamekwenda Darfur, Lebanoni, Kongo. Brigedi ya kuingilia kati iliyoidhinishwa na Baraza la Usalama mwezi Machi 2013 ilichukua askari kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na najua mitaa ambayo mabati yake yalitoka katika posho za Kongo. Kabla ya kwenda kuna uchunguzi wa afya, na ni sawa kabisa uwepo. Huwezi kumpeleka porini mtu ambaye presha yake inaweza kumwangusha kwenye doria. Lakini tazama uchunguzi ule unamfundisha nini askari. Unamfundisha kwamba muuguzi mwenye tepu na mashine ya presha ni mtu anayeweza kumnyang'anya nyumba.

Kwa hiyo wanajificha. Nimekuta vidonge vya presha vimefungwa kwenye karatasi ya sigara ndani ya soksi, vimenunuliwa duka la dawa la mtaani na kumezwa kwa kubahatisha, leo kimoja, kesho hakuna, wiki ya uchunguzi viwili viwili. Nimekuta mtu aliyejinyima chakula siku nzima na usiku wake ili sukari ishuke, hajui kuhusu kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu nyuma. Koplo mmoja aliniambia wazi, na adabu zake zote: "Afande, usiniandike. Niandike nikirudi." Alikuwa na miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wadogo. Sikuwa na mahali pa kumwandika ambapo jina lake lisingefika kwenye orodha ya waliokataliwa, kwa sababu daftari lilikuwa moja. Huo ndio ubaya wa mpango wenyewe, wala si wa yule koplo. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kukimbia kipimo ambacho hakina kazi nyingine ila kumtoa.

Wapo wanaosema kijana hana hatari, tumwache aende, tutashughulika naye akizeeka. Mwaka 1953 madaktari watatu wa jeshi la Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wa maiti za askari wao 300 waliouawa Korea. Wastani wa umri ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikuwa na dalili zinazoonekana kwa macho za ugonjwa katika mishipa ya damu ya moyo. Walikuwa wamepita michujo yote. Sisemi kwamba vijana wetu wako hivyo, maana vyakula na maisha ni tofauti. Nasema umri mdogo na paja gumu si cheti.

Askari wa kike nao niwataje, kwa sababu huwa wanasahaulika katika mazungumzo haya kana kwamba kitambi ni cha wanaume. Yule aliyepata sukari akiwa mjamzito hurudi kazini, sukari imeshuka baada ya kujifungua, na jalada lake la uzazi linabaki kliniki ya mama na mtoto. Zahanati ya kikosi haijui. Uwezekano wake wa kupata kisukari kamili miaka ya mbele ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa mwenzake, naye hajaambiwa. Wengi niliwagundua kwa kuwauliza tu uzito wa watoto wao waliozaliwa wakubwa.

Niliwahi kufanya kazi chini ya mkuu wa kikosi mmoja aliyelielewa jambo hili haraka kuliko nilivyotegemea. Nilimwomba daftari la pili. Daftari hilo lingekaa zahanati, kabatini, chini ya ufunguo wa mganga na wangu. Ndani yake kiuno, presha na sukari ya kila askari, kila mwaka, karibu na siku yake ya kuzaliwa. Yeye mkuu angepewa jumla tu: wangapi wamepimwa, wangapi viuno vimezidi, wangapi wameanza dawa. Asingepewa majina. Alifikiri kidogo akaniuliza, "Na mimi nitakuwemo?" Nikamwambia atakuwa wa kwanza. Akafungua mkanda pale pale ofisini, nikampima, na kabla ya jioni kikosi kizima kilikuwa kinajua kwamba mkuu kapimwa kiuno na sista na kwamba kimezidi.

Baada ya hapo walikuja. Hawakuja kwa mkupuo, walikuja wakinyemelea, jioni, wakisingizia mafua. Wapishi wa bwalo ndio walionishangaza zaidi, kwa sababu nilitegemea ugomvi. Mpishi mkuu alikuwa ameshazika kaka yake kwa kisukari. Alipunguza sukari kwenye masufuria ya chai kidogo kidogo, bila kutangaza, hadi watu wakazoea. Mboga za majani zikaanza kuja kwa wingi kutoka bustani ya kikosi, ambayo zamani mazao yake yaliuzwa. Baada ya chakula cha mchana maafisa wakaanza kutembea kuzunguka uwanja wa gwaride, mkuu mbele. Kutembea baada ya kula kunaisaidia sukari kuliko watu wanavyodhani, na askari akimwona meja wake anatembea, naye hutembea. Kilichonishinda ni bia. Cheo kipya husherehekewa kwa bia na nyama choma, na siku hiyo hakuna anayetaka kumsikia muuguzi. Sikupigana vita hivyo.

Ushahidi kwamba hatua ndogo za namna hii zina nguvu upo tangu mwaka 2002, uchunguzi wa Marekani uliowahusu watu zaidi ya 3,200 waliokuwa njiani kupata kisukari. Waliofundishwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi kama ya kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58 katika muda wa miaka mitatu hivi. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa 31. Dakika 150 kwa wiki. Kuruta hutumia dakika hizo kwa siku moja, kabla ya uji.

Mkuu yule alihamishwa, kama wakuu wote wanavyohamishwa. Aliyemfuata alikuwa mtu mwema mwenye mambo mengine kichwani. Matembezi ya mchana yakafa ndani ya majuma machache. Daftari liliendelea kwa muda kwa sababu halikuhitaji amri ya mtu, lilihitaji tepu na ufunguo, na baadhi ya askari walikuwa wameshazoea kuja. Nimejifunza hapo kwamba kinachotegemea moyo wa mkuu mmoja kinaondoka naye kwenye gari lake. Kilichoandikwa kuwa kazi ya zahanati hubaki. Kwa hiyo sizungumzii tena kuwahamasisha wakuu. Nataka kipimo cha mwaka cha kutunza kiandikwe kuwa kazi, kiwe na daftari lake, kitenganishwe kabisa na uchunguzi wa misheni na kozi. Na anayeanza dawa akatulia, presha na sukari zikakaa sawa, ajue kuna njia ya kurudi kwenye orodha. Bila hiyo njia, soksi zitaendelea kubeba vidonge.

Na bado kuna siku ya kuagwa. Askari anarudisha kombati, anapewa cheti, anapigiwa makofi, anakwenda kwao. Wengi wao bado wana watoto shuleni na nguvu za kulima. Katika mwaka huo wa kwanza nimewapoteza wengi niliowauguza, kwa kiharusi, kwa moyo, kwa figo, kwa sababu kikosini angalau palikuwa na mtu wa kuwauliza mbona hukuja kuchukua vidonge. Kijijini kliniki iko mbali na hakuna anayemjua kama mgonjwa. Wanamjua kama mwanajeshi mstaafu. Vipimo vyake vyote vimebaki kambini, mkoa mwingine. Ningependa siku ile, pamoja na cheti, apewe karatasi moja yenye vipimo vyake vya miaka mitano ya mwisho, majina ya dawa zake, na jina la kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwake kilichokwisha kuarifiwa kwamba anakuja. Karatasi hiyo isomwe mbele ya mkewe au mumewe pia, taratibu, kwa Kiswahili, na aulize maswali yake yote, kwa sababu kuanzia jioni ile bwalo halipo tena na anayepima unga ni yeye.